Nilidhani ni muhuri

Wiki hii mmeuliza: "Neno gani la hospitali lilikutisha kabla hujalielewa?" Langu ni tamponadi.

Sisi wa Kigoma tunaovuka kwenda Uvira na Bujumbura, tampon ya Kifaransa tunaijua: ni muhuri. Karatasi yako isipokuwa nayo, hupiti. Basi usiku ule mdogo wangu alipojifungua na damu ikawa haikatiki, muuguzi akatoka akasema, "Tulia kaka, daktari anamwekea tamponadi." Nikaanza kupapasa kadi ya kliniki mfukoni, nikidhani kuna mahali hapajagongwa.

Aliyeuliza swali la maana ni mjomba, fundi boti wa Kibirizi. "Hiyo kitu inafanya kazi vipi, mwanangu?"

Muuguzi akamweleza. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi hutakiwa ukaze na kuibana mishipa iliyoachwa wazi pale kondo la nyuma lilipobanduka. Wa mdogo wangu ulilegea, na dawa za kuukaza hazikutosha. Kwa hiyo wanachukua kondomu, wanaifunga kwa uzi kwenye mpira wa katheta, wanaiingiza, kisha wanaijaza maji ya dripu hadi ivimbe na kuzibana kuta kwa ndani. Kondomu! Mjomba aligeuza uso kidogo. Mimi nilikuja kusoma baadaye kwamba njia hiyo ilitoka kwa Dk. Sayeba Akhter na wenzake huko Dhaka, Bangladesh, ambako maputo ya kiwandani ya kazi hiyo yalikuwa ghali mno. Mwaka 2003 waliandika habari za akina mama 23. Maji yalikuwa mililita 200 hadi 500, na damu ilikatika kwa wote ndani ya dakika 15.

Mjomba akanyamaza, akatikisa kichwa. "Basi hiyo ni kalafati."

Sijasikia tafsiri nzuri kuliko hiyo. Kamusi zingetupa "kuziba", lakini kuziba ni kazi ya kizibo cha chupa. Kalafati ni nyingine. Fundi anashindilia pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo. Boti likishuka ziwani pamba inalowa, inavimba, inabanana na mbao. Kinachozuia maji ni ule mbano. Na neno lenyewe lina ukoo mkubwa baharini: sisi tumelipata kwa Waarabu, na Wareno nao wanalo, calafate, fundi wa kazi hiyohiyo.

Tampon nayo ilianzia karibu na hapo. Wafaransa wa kale walisema tapon, yaani kizibo, au donge la kitambaa la kuzibia tundu. Baadaye likatiwa sauti ya pua. Kile kipande cha kitambaa chenye wino anachochovyea muhuri ofisa wa uhamiaji ni donge la aina hiyohiyo, na jina likahamia hata kwenye muhuri. Kwa hiyo sikuwa mjinga sana usiku ule.

Linaloniudhi ni madaktari kulitumia neno hilo pia kwa jambo linaloua. Mwaka 1884 mpasuaji Mjerumani, Edmund Rose, aliita tamponadi ya moyo ile hali ya damu kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, hadi moyo ukose nafasi ya kutanuka na kupokea damu yake. Hapo damu yenyewe ndiyo pamba. Mzazi anatiwa tamponadi apone, mgonjwa wa moyo anaondolewa apone. Ukiwa umekaa kwenye benchi la nje, utajuaje ni ipi?

Asubuhi tuliruhusiwa kumwona. Alikuwa mweupe midomo, lakini anaongea, na mtoto ananyonya. Mjomba alikuwa bado na swali moja: pamba yake yeye ikishaingia haitoki, je, hii ya kwenu? Muuguzi akasema hii haipiti saa 24, na maji watayapunguza kidogo kidogo huku wakiangalia kama damu inarudi.

"Kumbe nyie mnaruhusiwa kufumua," mjomba akasema.