Kukata Picha Muulize Mgeni, Rangi Muulize Mwenyeji

Mpiga picha wa ridhaa anapotaka maoni, mara nyingi huchukua picha aliyokwisha kuihariri, huwaonyesha watu na kuwauliza, "Mnaionaje?" Anachopata ni hongera, na hongera haimwambii arekebishe nini. Swali lenyewe limebeba maswali mawili yasiyofanana: kwanza, kama picha imekatwa mahali panapofaa, yaani kama kingo zake zimepunguzwa ikabaki sehemu inayotakiwa, pili, kama rangi zake ni za kweli. Baada ya miaka kadhaa ya kupiga picha mwishoni mwa juma hapa Dar es Salaam nimesadiki kwamba maswali hayo yanahitaji watu tofauti wa kuyajibu. Kuhusu kukata, muulize mtu asiyejua lolote juu ya tukio. Kuhusu rangi, muulize anayekifahamu vizuri kilichopigwa picha.

Aliyeshika kamera anakumbuka yaliyokuwa nje ya fremu, yaani nje ya mipaka ya picha, na kumbukumbu hiyo humzuia kuona picha ilivyo. Nikipiga picha soko la samaki la Feri asubuhi, najua kwamba kijana aliyegeuza shingo upande wa kulia alikuwa akimtazama mnadi, kwa hiyo ni rahisi kwangu kumbakiza nikiamini kwamba ana maana. Ambaye hakuwapo hamwoni mnadi. Anaona mtu anayetazama nje, na macho yake yanamfuata mtu huyo hadi ukingoni, yakiwaacha wavuvi ambao ndio kiini cha picha. Hilo hakuna rafiki aliyekuwa nami sokoni anayeweza kuniambia, kwa sababu naye anamkumbuka mnadi.

Picha ya mwanamapinduzi Che Guevara inayojulikana kuliko zote, aliyoipiga mpiga picha Alberto Korda mjini Havana, Kuba, tarehe 5 Machi 1960, katika fremu yake kamili ina mtu mwingine upande mmoja na majani ya mti wa jamii ya mitende upande wa pili. Korda aliviondoa vyote viwili kwa kukata, na uso uliobaki ndio dunia nzima inaoujua. Wapo wanaopinga kukata picha kabisa, na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson ndiye anayetajwa zaidi kama mfano wao. Hata hivyo, picha yake ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare jijini Paris ilikatwa, kwa kuwa aliipiga kupitia upenyo wa uzio na sehemu ya uzio huo iliingia katika fremu. Kwa hiyo usimruhusu mtu akutie haya kwa kukata. Mjadala wenye faida ni wa mahali pa kukata.

Ugumu ni kumpata mtu atakayesema kweli. Wengi wetu tumelelewa kutomvunja moyo mtu anayetuonyesha kazi ya mikono yake, na adabu hiyo ni njema, ila inamnyima mpiga picha anachokihitaji. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa mtu picha ileile iliyokatwa kwa namna mbili, bila kumwambia ni ipi ninayoipenda. Mtu mwenye staha hawezi kusema kazi yako ina kasoro, lakini anaweza kuchagua moja kati ya mbili pasipo kumuudhi mtu. Akishachagua, muulize macho yake yametua wapi kwanza, kisha yameelekea wapi. Kama unayo picha iliyochapishwa, chukua vipande viwili vya karatasi ngumu, kila kimoja ukikate kwa umbo la herufi L, umwachie avisogeze mwenyewe juu ya picha kama fremu mpaka aridhike. Kipimo atakachokiacha mezani kinasema mengi kuliko maneno yake, hasa kikitofautiana na chako.

Ukishapata maoni, tenganisha pale mtu alipokwama na dawa anayokupa. Pale alipokwama huwa ni kweli kila mara, kwa kuwa ni macho yake. Dawa yake inaweza isiwe sahihi. Katika picha moja ya wavuvi nilishauriwa na watu wasiojuana nikate sehemu yote ya kushoto. Nilipoitazama upya niliona kwamba kilichowasumbua ni ndoo nyeupe iliyong'aa kwenye kona, kwa sababu macho hukimbilia sehemu yenye mwanga mkali kuliko nyingine. Kukata kungeiondoa ndoo, lakini pia kungeondoa kamba iliyowaunganisha wavuvi na chombo chao. Nilipunguza mwanga wa kona ile tu, na waliofuata kuiona picha hawakuitaja ndoo.

Kukata kuna gharama ambayo mtoa maoni haioni, nayo ni ya pikseli, yaani vitone vidogo vya rangi vinavyounda picha. Kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, hutoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6, ambazo kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi zinatosha karatasi ya inchi 10 kwa karibu 7. Kwa skrini ya simu hiyo ni ziada. Kwa picha ya kutundikwa sebuleni, fikiri kwanza.

Kwenye rangi mambo yanageuka. Mgeni hana msaada hapa, na njia ya kuweka picha mbili pamoja, ambayo inafaa sana kwa kukata, inadanganya. Kwa ninavyoona, watu wakiwekewa nakala mbili huchagua ile iliyokolea zaidi, hata kama ikiwa peke yake ingewachosha. Wewe mwenyewe pia huaminiki ukishakaa mbele ya skrini kwa muda mrefu, kwa kuwa macho huzoea: picha iliyoelemea njano, baada ya kuitazama kwa dakika chache, huonekana ya kawaida, nawe unaongeza njano nyingine juu yake. Ondoka, fanya shughuli nyingine, kisha urudi. Halafu mwonyeshe nakala moja tu mtu anayekijua kitu chenyewe.

Somo hili nililipata kwa mama mmoja muuza kanga wa Kariakoo, ambaye nilimwonyesha picha ya harusi iliyokuwa na kanga ya kisutu. Aliitazama akasema, "Mwanangu, nyekundu hii si ya kisutu. Na mikunjo ya kitambaa iko wapi?" Hajawahi kushika programu ya kuhariri, lakini alikuwa ameeleza kwa usahihi tatizo la kiufundi. Katika faili la JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, kila rangi ya msingi ina ngazi 256, na nyekundu ikifika ngazi ya mwisho haina pa kupanda tena, hivyo sehemu ya kitambaa yenye mwanga na ile yenye kivuli chepesi zinakuwa kitu kimoja. Histogramu ya jumla, yaani grafu inayoonyesha mwanga ulivyogawanyika katika picha, inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari wakati nyekundu peke yake imekwisha kufurika. Fungua histogramu ya kila rangi uione. Dawa ni kupunguza ukolezo wa nyekundu pekee, na ni rahisi zaidi ukiwa umepiga kwa faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, ambalo katika kamera nyingi lina ngazi 4,096 au 16,384 kwa kila rangi.

Kabla ya kuamini maoni yoyote ya rangi, hakikisha mnatazama kitu kimoja. Simu nyingi zina kichujio cha usiku kinachoifanya skrini kuwa ya njano, na nyingine zimewekwa katika hali inayokoleza kila rangi. Mwombe mtu azime vyote viwili na atazame kivulini. Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati ili isibanwe.

Ngozi ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa vivuli tu. Kamera za leo ni bora, lakini bado hupima mwanga kana kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi huparara; bibi harusi mwenye shela jeupe akijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wake huzama gizani. Kwa hiyo rangi ya ngozi haiamuliwi na mpiga picha mwenzako. Inaamuliwa na dada, shangazi au mama wa aliyepigwa, mtu anayemwona kila siku, naye umuulize swali moja: huyu ndiye?

Mwenye picha naye ataomba, mara nyingi kwa maneno haya: "Ning'arishe kidogo." Siku hizi simpingi papo hapo. Naangalia kwanza kama anacholalamikia ni ule uso uliozamishwa na shela, na ikiwa ndivyo, naongeza mwanga usoni peke yake, nabakiza mng'ao wa kwenye paji na mashavu, wala sigusi rangi yenyewe. Wengi huridhika hapo, kwa kuwa walichotaka ni kuonekana. Anayeendelea kutaka ngozi iwe nyeupe kuliko yake namweleza waziwazi kwamba hilo silifanyi, namkabidhi faili la asili pamoja na nakala niliyoihariri, na uamuzi unabaki kuwa wake.