Picha ya kibofu inasema nini?

SWALI: Baba yangu amegunduliwa kuwa na uvimbe wa saratani kwenye kibofu cha mkojo, na daktari ameagiza MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla ya kuukwangua. Je, picha itaonyesha ataishi muda gani?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kinachotafutwa hasa ni iwapo uvimbe umepenya msuli wa kibofu, ambao pichani huonekana kama ukanda mweusi. Ukanda huo ukikatika, hushukiwa kwamba ugonjwa umefika angalau hatua ya T2, yaani saratani imeingia kwenye msuli, ambayo ni nzito zaidi na hupunguza matumaini ya kuishi miaka mingi. Tangu 2018 wataalamu hukadiria uwezekano wa msuli kupenywa kwa alama za VI-RADS, mfumo wa kusoma picha za MRI za kibofu, kuanzia 1 (mdogo sana) hadi 5 (mkubwa sana). Daktari amefanya vyema kutanguliza picha, kwani kidonda cha kukwangua huweza kufanana na saratani. Hata hivyo, vipimo vya kinyama kitakachokatwa ndivyo vitakavyothibitisha.