Kumiliki kwa Kihungaria: panapowakwamisha wanaoanza

Ukisema mwanangu, mwenzako au babake, umeshaelewa nusu ya jambo. Kihungaria hubandika mwenye kitu mwishoni mwa kila nomino namna hiyo. Ház ni nyumba: házam yangu, házad yako, háza yake, házunk yetu, házatok yenu, házuk yao. Irabu za kiambishi hufuata za neno, kwa hiyo könyv, kitabu, hutoa könyvem, könyved, könyve, könyvünk, könyvetek, könyvük.

Kila nomino mpya ikariri pamoja na umbo la "yake". Huko ndiko j huzuka bila kanuni ya uhakika: kert, bustani, ni kertje, lakini ház ni háza tu. Mengine hubadilika mwilini: alma, tofaa, huwa almám; kéz, mkono, huwa kezem; ló, farasi, huwa lovam.

Mwenye kitu hutangulia: a fiú könyve, kitabu cha mvulana. Ukiacha ile -e ya mwisho hakuna umiliki uliobaki, maana kiunganishi kama "cha" hakipo. Wavulana wakiwa wengi, mtego mwingine: a fiúk könyve. Wingi umeshaonekana kwa mwenyewe, hivyo könyvük hapo ni kosa. Vitu vikiwa vingi, ingiza i, usitumie -k ya wingi wa kawaida: könyveim, vitabu vyangu.

Sehemu inayostahili mazoezi ya kila siku ni "kuwa na", kwa sababu kitenzi chake hakipo. Husemwa kwamba kitu kipo kwa fulani, na alama huwekwa pande zote mbili: Péternek van autója, Péter ana gari. Wanaoanza huweka -nek vizuri, kisha wanaiacha autó tupu. Kukanusha ni nincs: Péternek nincs autója. Nem van katika sentensi hii usiitumie kabisa. Ukijisemea mwenyewe, nekem, yaani "kwangu", huachwa pasipo mkazo: van könyvem, nina kitabu. Baada ya idadi nomino hubaki umoja, hata watoto wakiwa wawili: két gyerekem van.

Kiambishi cha mahali huja baada ya cha umiliki: házamban, ndani ya nyumba yangu.

Kitu kisipotajwa tena, -é humfuata mwenyewe. Kié ez a könyv? Péteré. Kitabu hiki ni cha nani? Cha Péter.