Ukungu kabatini: ukipaka rangi unaufunika tu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Tanga, tumepanga nyumba ya zamani, chumbani kuna kabati la kujengewa ukutani na nyuma ya huo ukuta ndo bafu. Kila masika nguo za rafu ya chini zinanuka uvundo, viatu vya ngozi vinaota ukungu, na safari hii kanzu nyeupe ya mume wangu imepata vidoa vyeusi. Nafuta, baada ya siku chache unarudi. Fundi kasema tupige rangi tu. Mwanangu ana pumu, naogopa.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo rangi achana nayo kwa sasa, maana ukuta ukiwa mbichi rangi inavimba inabanduka na ukungu unaendelea kuota nyuma yake, hela imeenda bure. Kwanza tujue maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni, futa ukuta wa kabati ukauke, kibandike na selotepu pande zote nne ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wako, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na pwani wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji.

Mi nashuku bafu, kwa vile zinazoharibika ni nguo za chini. Fungeni mabomba yote muangalie mita, ikizunguka kuna bomba linavuja. Isipozunguka bado msiliamini hilo bafu, maana bomba la maji machafu mita hailioni, na vigae vikiachia maji ya kuoga yanapenya taratibu. Kama plasta inapukutika na kutoa chumvi nyeupe karibu na sakafu, maji yanaweza kuwa yanapanda kutoka ardhini, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, mwite aje aone kwa macho yake.

Kusafisha sasa. Mtoto aende kwa jirani, we vaa barakoa na glovu, toa kila kitu, usisugue pakavu maana vumbi la ukungu linaruka hewani. Tumia kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, alafu siki nyeupe, uache saa moja ndo ufute, kisha feni hadi mbao zikauke kabisa. Na nakuomba sana, siki na Jiki USICHANGANYE, inatoka gesi ya klorini, kwa mwenye pumu hiyo ni hatari kubwa. Kanzu kama ni ya pamba loweka kwenye maji yenye siki, fua, anika jua kali. Ikiwa na darizi za hariri mpelekee dobi.

Mkaa na chumvi kwenye bakuli vinasaidia kidogo tu, ukuta unaovuja haviuwezi. Kinachosaidia zaidi ni kuacha milango ya kabati wazi mchana jua likitoka, na nguo mbichimbichi zisiingie humo hata moja.

Mtoto asilale chumba hicho mpaka ukuta ukauke, na akianza kubanwa kifua mwahi hospitali, usisubiri fundi amalize.