Jibu kwa aliyekabidhiwa chanjo ya wadi tatu: hesabu ng'ombe ambao hawakuletwa

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Umeajiriwa miezi minne iliyopita, umepewa kazi ya kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo katika wadi tatu za upande wa Njoro na Mau Narok, wakulima wanakwambia chanjo ya mwaka jana ndiyo iliyowaletea ugonjwa, gari halina mafuta, na unauliza uanzie wapi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Nilianza na pikipiki nikiwa msaidizi wa daktari wa mifugo, baadaye nikaratibu kampeni za kaunti ndogo nzima, huku Nakuru na kule magharibi. Nitaandika kwa urefu, maana mimi nilipoanza sikupata wa kunieleza.

Anza na hilo neno la wakulima. Ukilipuuza na kulitaja kuwa ujinga, umepoteza wadi zote tatu kabla hujafungua chupa. Kwa sehemu, wana haki.

Chanjo yetu ya miguu na midomo imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Haiwezi yenyewe kumpa ng'ombe ugonjwa, na hilo waambie bila kuyumba. Lakini, kwanza, ugonjwa wenyewe hukaa mwilini kati ya siku 2 na 14 kabla ya kuonekana. Kwa hiyo ukifika kijijini wakati virusi vimeshaingia, utamchanja ng'ombe anayeonekana mzima, na siku ya nne atatoa udenda na kuchechemea. Mwenye ng'ombe aliona nini? Aliona sindano, kisha ugonjwa. Mimi pia ningeamini hivyo. Pili, kinga haiji siku hiyo hiyo, huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Tatu, ng'ombe ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi ya pili baada ya wiki tatu au nne, kisha kurudiwa kila miezi 6. Tukimchanja mara moja tukatoweka mwaka mzima, tumemdanganya mkulima. Nne, virusi hivi vina aina kadhaa. Hapa Kenya tunahangaika na O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya aina moja haimkingi ng'ombe na aina nyingine.

Kuna la tano, na hili linaniuma kulisema. Miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, tulipata habari kwamba boma moja lina wagonjwa. Tukatumwa kuchanja majirani. Tukaanza pale pale penye ugonjwa, tukawatazama wagonjwa midomo, kisha tukaenda boma la karibu, tukaendelea hivyo kutoka ndani kwenda nje, kwa buti zile zile, kamba ile ile ya kufungia pua, na sindano tukibadilisha pale tu inapokuwa butu. Baada ya siku kumi simu zilianza. Nilikaa na daftari langu la ziara nikaona ugonjwa unafuata orodha yangu, boma kwa boma, karibu kwa mpangilio ule ule tuliopita. Mzee mmoja alipotwambia "nyinyi ndio mmeleta", sikuwa na jibu. Alikuwa anasema kweli.

Tangu siku hiyo, palipo na mlipuko nachanja kutoka nje kwenda ndani, na boma lenye wagonjwa linahudumiwa mwisho na mtu ambaye hatagusa ng'ombe wengine siku hiyo. Buti zinaoshwa mbele ya mwenye boma, akiona kwa macho yake. Dawa ya kuoshea si ya kuagizwa mbali: sodiamu kaboneti, gramu 40 kwa lita moja ya maji, inaua virusi hivi. Na sindano ibadilishwe kila boma ikiwa huwezi kuibadilisha kila ng'ombe. Kwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa mwingine wa mifugo unaoenezwa na mbu, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, jambo la sindano ni zito zaidi: mlipuko ukishaanza, kuchanja kwa sindano ya kushirikiana kunaweza kuusambaza ugonjwa wenyewe. Ile huchanjwa kabla ya mvua kubwa, si wakati wa vifo. Tena chanjo hai ya homa hiyo, iitwayo Smithburn, inaweza kumtupisha mimba mnyama mwenye mimba, kwa hiyo mkulima akikwambia "kondoo wangu walitupa mimba baada ya chanjo", muulize ni chanjo gani kabla ya kumbishia.

Wazee nao wana kumbukumbu nyingine inayotuponza bila wao kujua. Wanakumbuka chanjo ya sotoka, ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe kwa makundi (rinderpest). Ile ilitengenezwa na mtafiti Walter Plowright katika kituo cha utafiti cha Muguga, na mnyama akichanjwa mara moja alikuwa amekingwa maisha yake yote. Sotoka ilionekana mara ya mwisho kwa nyati wa Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Mzee aliyeshuhudia hayo akisikia neno "chanjo" anategemea kazi ya namna hiyo. Ukimrudia baada ya miezi sita kwa ugonjwa uleule, anahisi ulimuuzia maji. Mweleze barazani waziwazi kwamba hii si kama ile: ya miguu na midomo inakopesha kinga ya miezi sita, haigawi. Watu huvumilia chanjo dhaifu kuliko wanavyovumilia ahadi iliyovunjwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo nililotaka kukuandikia hasa.

Ripoti yako itadaiwa idadi ya dozi. Wakubwa watauliza "umechanja wangapi?" na utajibu elfu kadhaa, na kila mtu atafurahi. Tazama ni ng'ombe gani walioletwa krashini, ule uchochoro wa kubania ng'ombe wakati wa kuchanja. Katika wadi zako utaona wanaletwa Friesian wa maziwa, wawili watatu, wenye kamba safi shingoni, wa watu wanaowafungia ndani na kuwakatia nyasi. Hao ni rahisi: mwenyewe ana simu, ana deni la ushirika, anaogopa maziwa yakatike. Lakini ng'ombe huyo hakutani na mtu. Wasioletwa ni lile kundi la ng'ombe arobaini linaloteremka mtoni saa nne, kundi linalokodishiwa mabua ya ngano baada ya mavuno, fahali wa broka waliolala usiku mmoja nyuma ya soko wakingoja lori. Hao ndio wanaobeba virusi kutoka bonde hadi bonde. Unaweza kuchanja dozi zako zote bila kuugusa mkondo wa ugonjwa hata kidogo. Lengo linalotajwa ni angalau asilimia 80 ya mifugo ya eneo, lakini asilimia 80 ya waliofungwa zizini haitazuia kitu ikiwa wanaotembea wamebaki nje.

Kwa hiyo daftari lako liwe na kurasa mbili. Upande mmoja waliochanjwa. Upande wa pili boma ambazo hazikuleta, kwa majina, na sababu. Mzee wa kijiji na watu wa nyumba kumi wanazijua zote. Mimi nilikuwa nakaa nao jioni kabla ya siku ya chanjo tunataja boma moja moja, tunakadiria ng'ombe, kisha baada ya zoezi tunarudi kwenye orodha. Sababu utakazopata zitakushangaza. Mmoja krashi iko mbali kilomita sita na ana mtoto mmoja tu wa kuchunga. Mwingine ng'ombe si wake, amewekewa na shemeji yake anayeishi Narok, hawezi kuamua. Mwingine ana mtamba anayekaribia kuzaa na anaogopa atasukumwa krashini atupe mimba, na hofu hiyo ni ya haki: wa mimba pevu wachanjie zizini, wakiwa wametulia. Na yupo anayeficha kwa sababu ana wagonjwa na anaogopa karantini.

Hapo kwenye karantini pana mtego. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa ya ugonjwa kama huu. Lakini akitoa taarifa, tunafunga soko, vibali vya kuhamisha mifugo vinasimama, na kama ni Januari, yeye alikuwa anauza fahali kulipa karo. Jirani zake watamchukia. Ndiyo sababu watu hupaka asali na magadi kwenye midomo ya ng'ombe usiku na kumpeleka soko la mbali alfajiri. Huwezi kufuta karantini, na hupaswi. Unachoweza ni kuifanya fupi na ieleweke: sema barazani tarehe utakayorudi kukagua, kisha urudi tarehe hiyo. Nimeona karantini zilizowekwa na afisa akasahau kuziondoa kwa miezi. Baada ya hapo hakuna aliyetoa taarifa tena kwa hiari. Ukipata taarifa ya mapema, tuma kwenye KABS, mfumo wa taifa wa kuripoti magonjwa ya wanyama, siku hiyo hiyo na chukua sampuli ifike maabara. Bila kujua aina ya virusi, unabahatisha chanjo.

Kuhusu wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na fedha hazifiki Julai 1. Zikifika Februari au Machi ndipo mnaambiwa mkimbie. Lakini ng'ombe hawatembei kwa kalenda ya Hazina. Mavuno yakiisha mwishoni mwa mwaka mashamba yanafunguliwa kwa wachungaji, ukame wa Januari na Februari unawasukuma wafugaji kupanda juu kutafuta majani, na biashara ya mifugo ya Krismasi na ya kufungua shule inachanganya kila kundi na jingine. Chanjo ya kwanza inapaswa kuwa imeisha Oktoba, na ya kurudia Aprili. Andika ombi lako la chanjo sasa hivi, ukitaja miezi hiyo, na upeleke nakala. KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, huwa na maombi ya kaunti nyingi kwa wakati mmoja, anayewahi ndiye anayepata. Na huduma hizi zikiwa chini ya kaunti tangu 2013, sema na wenzako wa Narok na Baringo. Mkichanja ninyi Oktoba na wao Februari, mnachanja mipaka ya ramani tu.

Ubaridi nitaupitia haraka kwa sababu ulifundishwa chuoni: nyuzi 2 hadi 8, isigande kamwe. Chanjo ya miguu na midomo ikiganda imekufa hata kama chupa inaonekana nzuri, na wengi huiharibu kwa kuibana katikati ya vipande vya barafu wakiogopa joto. Weka kipimajoto ndani ya sanduku na uandike kila baada ya saa mbili. Ile ya ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe ni hai na ya unga. Ukishaichanganya itumike siku hiyo, isione jua, na sindano zake zichemshwe, usizioshe kwa dawa ya kuua vijidudu maana utaiua chanjo yenyewe.

Uvumi wa mwishoni mwa 2024 utakutana nao, ule wa serikali ilipotangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, watu wakasema sindano ni ya kuzuia ng'ombe asitoe gesi ya tumboni. Usitume ujumbe wa kukanusha kwenye makundi ya simu. Chukua chupa, ipeleke barazani, isomwe lebo kwa sauti na kijana wa pale pale, na ng'ombe wa kwanza awe wa chifu au wa mwalimu. Kama afisa mwenyewe una ng'ombe, sema umemchanja lini.

Umeuliza mwisho kama utoe mafuta mfukoni mwako au uwachangishe wakulima. Usitoe mfukoni. Nilifanya hivyo miaka miwili, na bajeti ya mwaka wa tatu ikapunguzwa kwa sababu kazi ilionekana inakwenda. Usichangishe pia bila risiti, hata shilingi hamsini, kwa kuwa siku ugonjwa ukitokea hiyo hamsini itakuwa ushahidi kwamba uliuza maji. Nenda kwa chama cha ushirika wa maziwa. Wana gari linalozunguka kila alfajiri kukusanya maziwa na linarudi tupu saa tatu, na wanapoteza fedha ng'ombe wakiacha kukamuliwa. Waombe kwa barua wakubebee sanduku na watu wawili. Ila dereva asiingie bomani kwa mtu: awashushe kwenye lango la nje, na magurudumu yaoshwe kabla ya safari ya kesho.