Kabla hujampa mtoto jina la mungu wa Wagiriki

Ukiandikisha watoto wa ubatizo siku hizi hapa Iringa unakutana na dunia nzima. Madaftari ya zamani ya kigango yamejaa akina Yohana, Anjela na Benedikto, ukurasa kwa ukurasa. Sasa anakuja Aurora, anafuata Jason, nyuma yake Athena. Mimi ni katibu tu, kazi yangu kuandika. Ila wazazi huniuliza, "Katibu, hili jina linafaa?", basi nimeona niyaweke hapa yale ninayowajibu.

Kwanza kabisa, ile maana unayoisoma kwenye simu ni robo ya habari. Majina haya yana wenyewe, na wenyewe walipatwa na mambo. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, tukapeana kamwene, akaninyooshea simu nisome: Pandora, "zawadi zote".

"Zuri, sivyo?"

Nikamwambia maana ni hiyo kweli, lakini asikilize na kisa. Mshairi Mgiriki Hesiodo anasimulia kwamba Prometheus aliiba moto kwa Zeus akawapa binadamu. Zeus akakasirika, akaagiza mwanamke afinyangwe kwa udongo, kila mungu akamtia kitu: uzuri, ufundi, maneno matamu, na hila. Hizo ndizo zawadi zote. Alipofunua mtungi, maradhi na taabu vikatawanyika duniani, likabaki tumaini peke yake chini ya ukingo.

"Kwa hiyo magonjwa aliyaleta yeye?"

"Ndivyo wanavyosimulia, mama."

"Basi bibi yake asisikie," akasema, akamweka mtoto sawa mgongoni na kwenda kuulizana na mumewe. Kama kilichokupendeza ni kile kilichobaki mtungini, jina lake tunalo siku nyingi: Tumaini.

Kwa hiyo uliza: huyu alifanya nini, na mwisho wake ulikuwaje? Daphne ni jina tamu, lakini aligeuka mti akimkimbia Apollo aliyekuwa akimfukuza. Hector alikuwa mtetezi wa mji wake na baba mwenye upendo, kisha akauawa na Achilles na mwili wake ukaburutwa nyuma ya gari la farasi. Mimi Hector ningempa mwanangu bila wasiwasi. Kufa ukilinda mji si aibu. Penelope naye namsifu: alimngoja mume miaka 20, mchana akifuma sanda ya baba mkwe, usiku akiifumua ili wachumba wasimwoe kwa nguvu. Mwanamke mwenye akili huyo! Jason sina hamu naye. Medea alimsaidia kupata ngozi ya dhahabu, halafu Jason akamwacha Medea ili aoe binti mfalme.

Wapo wanaokuja na hofu ya upande mwingine. "Katibu, si majina ya kipagani haya?" Nami huwauliza babu zao waliitwa nani. Dionisi? Jina hilo limetokana na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. (Wazee wa kwetu waliobatizwa Dionisi na huku wakiupenda ulanzi walikuwa na haki yao.) Demetrio anatoka kwa Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Isidori ni zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Martini anatoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi, na Silvano alikuwa mungu wao wa misitu. Wenye majina hayo waliamini, wengine wakawa watakatifu, na majina yakabatizwa pamoja nao. Dionisio Mwareopago na Apolo wamo kwenye Matendo ya Mitume. Kanisa halidai hata jina liwe la mtakatifu: kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisiwe jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Diana anapita, ingawa ndiye yule ambaye Wagiriki walimwita Artemi, na Waefeso walipiga kelele kwa muda wa saa mbili wakimsifu.

Majina ya hadithi za nyumbani ndiyo yanayotaka uangalifu zaidi, na hapo watu huwa hawaulizi kabisa. Mkwawa, jina la mtawala wa Wahehe, ni kifupi cha Mkwavinyika, mtekaji wa nchi nyingi, na ni jina lenye ukoo wake ulio hai. Masimulizi ya ukoo huo yanaanzia kwa mwindaji, Mufwimi, aliyekuja kuwinda nyati akazaa na Semduda, binti wa mtawala wa Ng'uluhe. Ukitaka jina humo na wewe si wa ukoo, nenda ukazungumze na wazee kwanza.

Rungwe ndiko kuzito zaidi. Wanyakyusa husimulia kwamba wakuu wao walishuka kutoka Ukinga wakileta moto na ng'ombe. Katika hadithi ya Wagiriki, Prometheus aliyeleta moto alifungwa kwenye mwamba. Kule walioleta moto wakawa watawala. Mmoja wao ni Lwembe, na baadaye Lwembe likawa jina la kurithiwa na mkuu wa matambiko ya Lubaga. Masimulizi yanasema mwenye jina hilo hakuachwa afe kwa ugonjwa, alimalizwa kabla. Kwa hiyo wateule wengine waliogopa kulipokea. Halafu kuna Kyala na Mbasi, wote wakiheshimiwa zamani: Wakristo wakalichukua Kyala kuwa jina la Mungu, Mbasi wakamsukuma upande wa Shetani. Mzee wa Tukuyu akikunja uso kwa jina ulilochagua, muulize kabla ya kubishana.

Mwisho ni tahajia, na hapa sina maneno mengi. Kadi ya kliniki inasema Phoebe, cheti cha kuzaliwa Febi, cheti cha ubatizo Fibi kama ilivyo katika Warumi 16. Mtoto akifika kujaza fomu za mtihani inaanza safari ya kwa wakili kula kiapo. Chagueni moja nyumbani, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mje nalo. Mimi nanakili herufi kwa herufi.