Maswali ya C: stringi iliyo kwenye orodha ni mali ya nani?

Barua za safari hii zinatoka kwa wanaojifunza lugha ya C na kutengeneza orodha unganishi za kubebea majina, yaani minyororo ya nodi ambazo kila moja hubeba jina na anwani ya nodi inayofuata. Karibu zote zinagusa jambo moja: nani aliyeomba kumbukumbu, na nani atakayeirudisha.

Swali: Nasoma majina kwenye faili kwa fgets, fanksheni ya kusoma mstari mmoja mmoja, na kila jina nalipa nodi yake. Nikichapisha orodha, jina la mwisho ndilo linalojirudia kote. Je, fgets ina hitilafu?

Fgets haina kosa, ndugu. Una bafa moja (eneo la kumbukumbu la kupokelea mstari), na nodi zote umezipa anwani ya bafa hiyo hiyo. Ukiandika `n->jina = bafa;` hujanakili herufi hata moja, umenakili anwani tu. Kila mstari mpya unafuta uliotangulia, na nodi zote zinasoma kilichobaki. Bafa hiyo ikiwa imetangazwa ndani ya fanksheni, ubaya unazidi: fanksheni ikimalizika, anwani inaelekeza mahali pasipo na mwenyewe.

Andika `n->jina = strdup(bafa);`, baada ya kuiondoa ile `\n` ambayo fgets huiacha mwishoni mwa mstari. Strdup huomba kumbukumbu kwa malloc, hunakili herufi zote, kisha hukupa anwani mpya. Ikikosa nafasi hurudisha NULL, yaani anwani tupu, kwa hiyo kagua. Kuanzia hapo jina ni mali ya nodi.

Tahadhari moja: strdup ilikuwa ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) kwa miaka mingi, ikaingia kwenye kiwango rasmi cha lugha katika toleo la C23. Ukiwa Linux na ukikompaili kwa `-std=c11`, `string.h` haiitangazi. Kompaila za zamani zilitoa onyo tu, zikachukulia kwamba inarudisha int (namba kamili), na kwenye mashine ya biti 64 anwani ikakatwa nusu. Kompaila ya GCC 14 inalihesabu hilo kuwa kosa na inagoma kabisa, na mimi nafurahi. Tumia `-std=gnu11`, au weka `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L` juu kabisa ya faili.

Swali: Naandika malloc(strlen(s)) kisha strcpy, na programu inakwenda vizuri. Mwenzangu anasema nimekosea. Kweli?

Kweli. "Amina" ina herufi 5 lakini inahitaji baiti 6, kwa sababu ya sifuri ya mwisho inayofunga stringi, ambayo strlen haiihesabu. Weka `+ 1`. Haijaanguka kwa sababu malloc mara nyingi hutoa zaidi ya ulichoomba.

Swali: Naifuta orodha kwa free(p); p = p->next; lakini inaanguka siku moja moja tu. Na majina je, yanafutika pamoja na nodi?

Unasoma ndani ya nodi uliyokwisha kuiachia. Majina nayo hayafutiki, maana free hairudishi kitu kingine zaidi ya kile ulichoikabidhi. Shika nodi inayofuata kwanza:

```
while (p) {
    struct nodi *baadaye = p->next;
    free(p->jina);
    free(p);
    p = baadaye;
}
```

Swali: Nimefuata utaratibu huo, lakini nikiongeza nodi kwa ongeza(&orodha, "Mgeni") programu inaanguka wakati wa kufuta. Majina ya kwenye faili hayana shida.

"Mgeni" iliyoandikwa ndani ya msimbo haikutoka kwa malloc, kwa hiyo huwezi kuipa free, kama usivyoweza kuuza nyumba uliyopanga. Bila shaka strdup umeiweka nje, kwenye kitanzi cha kusoma faili, na `ongeza` inapokea chochote inachopewa. Sasa orodha ina majina ya aina mbili na haijui lipi ni lake.

Wengine huongeza bendera kwenye nodi, ya kusema "hili niliachie, hili nisiliachie". Siipendi, kwa sababu ukiikosea mara moja kumbukumbu inavuja au inaachiwa mara mbili. Hamishia strdup ndani ya `ongeza`, na kigezo chake kiwe `const char *`. Anayeita atajua kwamba chake kinabaki chake. Maktaba ya GLib haiwezi kufanya hivyo, maana orodha yake, GList, hubeba data ya aina yoyote. Ndiyo maana `g_list_free` huachia nodi peke yake, na `g_list_free_full` hutaka uipe fanksheni ya kuachia data.

Ukiwa na shaka, kompaili kwa `-g -fsanitize=address`. Utaoneshwa mstari ulioachia na mstari ulioomba.

Swali: Fanksheni yangu inaondoa nodi ya kwanza na kurudisha jina. Nani aachie jina?

Aliyelipokea. Fanksheni iachie nodi tu na irudishe `char *`, na andika maoni juu yake: "anayeita ndiye wa kufanya free". Ile ya kutazama bila kuondoa irudishe `const char *`.

Swali: Malloc mbili kwa kila nodi si nyingi?

Zinaweza kuwa moja. Tangu C99 unaweza kumaliza struct kwa `char jina[];` halafu ukaomba `sizeof(struct nodi) + strlen(s) + 1`. Free moja inaondoa vyote. Lakini jina refu zaidi likija itabidi nodi nzima ihame, na pointa iliyoielekeza ibadilishwe. Na ile fanksheni ya kuondoa nodi haitaweza tena kukukabidhi jina bila kulinakili kwanza.